Maswali na Majibu: Vitamini Hazileti Nguvu, ila Bila Hizo Chakula Hakifanyi Kazi

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu vitamini: zinafanya nini mwilini, nani hasa anazikosa, na kama kuna haja ya kuzinunua dukani. Tumechagua baadhi, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Majibu ni ya mshauri wetu wa lishe.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Kwa sababu ya uchovu usioisha nilinunua kopo la vitamini mchanganyiko kwenye duka la dawa, nikaambiwa zinaongeza nguvu. Tangu siku ya kwanza mkojo wangu umekuwa wa njano kali, kama uliotiwa rangi. Je, ndiyo kusema dawa inafanya kazi, au inaniharibu figo? – Msomaji, Tabata

Figo zako haziharibiki kwa hilo, ndugu yangu, na wala rangi hiyo si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Unachokiona ni vitamini B2, ambayo huitwa pia riboflavini na ambayo kwa asili yake ni ya njano. Mwili ukishachukua kiasi unachokihitaji, figo hukitoa kinachobaki, na kwa kuwa vidonge vingi vya aina hiyo hubeba kiasi kinachopita mahitaji ya siku mara kadhaa, sehemu ya fedha uliyolipa dukani inaishia chooni.

Kuhusu nguvu, muuzaji hakukuambia sawasawa. Nguvu ya mwili hutokana na wanga, mafuta na protini. Vitamini zenyewe hazina nguvu hata chembe. Kazi ya nyingi kati yake, hasa zile za kundi B, ni kuviwezesha vimeng'enya vya mwili kukivunja chakula na kuitoa nguvu iliyomo. Mfano wa karibu ni konda wa daladala: gari haliendi kwa sababu yake, linakwenda kwa mafuta, lakini asipokuwepo safari haina utaratibu; na hata ukipakia makonda watano katika gari moja, mwendo hauongezeki.

Jambo hili lilionekana wazi kwa kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa akifanya kazi Batavia, mji ambao leo ni Jakarta nchini Indonesia, aliona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walilegea miguu hadi wakashindwa kusimama, na kwamba waliporudishiwa mchele wenye kumbi lake la ndani walipona. Kuku hao walikuwa wakishiba kila siku. Kilichokosekana ni vitamini B1, ambayo hukaa kwenye ganda na kiini cha punje na huondoka pamoja na pumba. Kwa binadamu ukosefu wake huleta ugonjwa wa beriberi, unaodhoofisha neva na moyo. Mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins.

Vitamini tunazozihitaji ni 13. Nne kati yake, yaani A, D, E na K, huyeyuka katika mafuta na huweza kuhifadhiwa mwilini, kwa hiyo zikizidi sana huweza kudhuru, hasa A na D. Nane za kundi B pamoja na C huyeyuka katika maji, na akiba yake kwa kawaida ni ndogo, isipokuwa B12 ambayo nitaieleza hapa chini.

Uchovu wako una chanzo, na kopo halikisemi. Mtu anayeamka alfajiri, akashinda juu ya pikipiki kwa chai na andazi mpaka alasiri, ana sababu ya kuchoka hata kabla hatujataja upungufu wa damu, malaria au kisukari. Nenda kituo cha afya upime wingi wa damu na sukari. Vipimo hivyo vina manufaa kuliko kopo la pili.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka mitatu. Mchana anacheza vizuri, lakini jua likishazama anajikwaa kwenye vigoda na kupapasa ukuta akitafuta mlango. Jirani ameniambia ni mambo ya kishirikina, mwingine anasema atafutiwe miwani. Alipata surua miezi michache iliyopita, na matone ya vitamini A amekosa mara mbili kwa sababu tulikuwa safarini. – Mama, Mbagala

Marahaba, mama. Umeeleza vizuri kiasi kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya barua yako mwenyewe. Mpeleke mtoto kituo cha afya leo au kesho, usisubiri ratiba ya matone, na useme mambo mawili: kwamba haoni gizani, na kwamba amepata surua.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, na ndani yake zimo seli zinazotuwezesha kuona penye mwanga hafifu. Seli hizo hutumia kitu kinachoitwa rodopsini, kinachotengenezwa kutokana na vitamini A. Kila mwanga unapoingia, rodopsini huvunjika na kuundwa upya. Vitamini A ikipungua, uundaji huo huchelewa, na mtoto anayeona sawasawa mchana hugeuka kipofu wakati wa magharibi. Hiyo ni dalili ya mapema. Baadaye weupe wa jicho hukauka, huenda yakatokea mabaka meupe yanayofanana na povu la sabuni, na mwisho kioo cha mbele cha jicho huweza kulainika na kutoboka, na uharibifu wa namna hiyo haurudi nyuma. Surua huimaliza akiba ya vitamini A upesi, na ndiyo maana mtoto mwenye surua hupaswa kupewa vitamini hiyo kama sehemu ya matibabu.

Macho si yote. Vitamini A hutunza pia ngozi laini inayozunguka ndani ya koo, mapafu na utumbo, ambayo ni ukuta wa kwanza dhidi ya vijidudu, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu huugua kuhara na surua kwa ukali zaidi kuliko mwenzake. Matone yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yamewekwa kwa sababu hiyo: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hupewa yuniti 100,000, na aliyevuka mwaka hupewa yuniti 200,000. Kwa mtoto ambaye tayari ana dalili machoni utaratibu ni mwingine. Hupewa dozi siku ya kwanza, siku ya pili, na tena wiki mbili baadaye. Usijaribu kufanya hivyo nyumbani.

Akishatibiwa, sahani yake ndiyo itakayomlinda. Maini, mayai na dagaa wanaoliwa wazima vina vitamini A iliyo tayari. Karoti, maboga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maembe mabivu, papai, mchicha na matembele vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karotini hiyo haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, ambao akina mama wengi huwapa watoto wakidhani ndio mwepesi tumboni, unampa mtoto kidogo kuliko mchicha uleule uliotiwa tui la nazi au kijiko cha mafuta. Na ukinunua mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A, usichukue yale ya kupima yaliyokaa kwenye chupa nyeupe kibarazani. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga wa jua.

Miwani haitasaidia, na mganga atakupotezea siku ambazo jicho la mtoto halina.

Nina umri wa miaka 67 na nimekuwa nikimeza metformini kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi. Siku hizi nyayo zinakufa ganzi na kuchomachoma usiku. Kandambili ikinivuka njiani sijui, mpaka mjukuu aniambie. Nyama nimeacha kwa sababu ya meno na bei. Kiungulia nacho kinanisumbua, nameza omeprazoli karibu kila siku. Kijana wa duka la dawa anataka nichomwe sindano za B mchanganyiko. Nifanyeje? – Mzee, Magomeni

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake zimo sababu nne za ganzi, na yeyote atakayekuambia anaijua iliyo yako bila kukupima anakubahatisha.

Ya kwanza ni kisukari chenyewe. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva ndefu, na zilizo ndefu kuliko zote ni zile zinazofika nyayoni. Tatu zilizobaki zote zinagusa vitamini B12. Vitamini hii hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama peke yake, yaani nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, nawe umepunguza nyama. Ili itoke ndani ya chakula inahitaji tindikali ya tumbo, na omeprazoli kazi yake ni kuipunguza tindikali hiyo, ambayo hata hivyo hupungua yenyewe kwa wazee wengi. Ikishatoka hushikana na protini maalumu inayotengenezwa na tumbo, husafiri nayo hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia katika damu; metformini, ikitumiwa kwa miaka, huvuruga uingiaji huo kwa baadhi ya watu.

Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 2.4 tu, kiasi ambacho jicho halikioni, na ini huweka akiba inayoweza kutosha kwa miaka. Ndiyo maana upungufu huja polepole, na mgonjwa anapoona dalili huwa amesahau chakula alichoacha au dawa aliyoanza zamani. B12 hutumika kutengeneza chembe nyekundu za damu na kuutunza utando unaozifunika neva. Ikikosekana, mtu huweza kupata upungufu wa damu, ganzi, mwendo wa kuyumba, na hata usahaulifu ambao ndugu huuita uzee.

Naomba basi ufanye hivi. Usiache metformini kwa uamuzi wako, maana sukari ikipanda neva zitaumia zaidi. Katika kliniki yako ya kisukari mweleze daktari habari ya kandambili kwa maneno hayohayo uliyotuandikia, kwa sababu inaeleza hali ya miguu yako kuliko neno ganzi peke yake, na umwombe akupime B12 pamoja na kuangalia kama bado unahitaji omeprazoli ya kila siku. Ikionekana B12 imepungua, hutibiwa kwa sindano au vidonge vya kiwango cha juu, na kadiri tiba inavyoanza mapema ndivyo neva zinavyokuwa na nafasi kubwa ya kupona.

Sindano za mchanganyiko za duka la dawa sizipendi, na nina sababu. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi. Asidi ya foliki nayo, ikitolewa peke yake kwa mtu aliyepungukiwa B12, huweza kuirudisha damu katika hali nzuri huku neva zikiendelea kuharibika, na kila mtu akadhani mgonjwa amepona. Kwa upande mwingine, wako wanaohitaji B6 kweli, kama wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi, dawa inayoipunguza vitamini hiyo mwilini; hao hupewa na kliniki kwa kipimo chake.

Wakati unasubiri, kama meno ndiyo tatizo, mayai, maziwa na samaki havihitaji kutafunwa sana, na dagaa waliosagwa huweza kutiwa kwenye mboga yoyote. Kagua nyayo zako kila jioni, au mjukuu akukagulie. Kidonda usichokisikia ndicho kinachokatisha mguu.

Ninatarajia kufunga ndoa mwezi wa kumi na mbili na tungependa kupata mtoto mapema. Dada yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji Muhimbili. Nimesikia kuna vitamini inayozuia hali hiyo, lakini mwenzangu mmoja anasema hupewa kliniki mimba ikishafika miezi mitatu. – Msichana, Kinondoni

Mwenzako amechelewa, na kuchelewa huko ndiko kiini cha tatizo. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajui hata kama wana mimba. Wanadhani hedhi imechelewa kidogo. Mfereji usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa pia kichwani. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina asidi ya foliki na vina manufaa kwa mama, lakini kwa mama aliyeanza kliniki mwezi wa tatu, dirisha la mgongo limeshafungwa zamani.

Vitamini yenyewe ni foleti, yaani B9, na asidi ya foliki ni sura yake ya kutengenezwa. Mwili huihitaji ili kunakili vinasaba kila seli inapogawanyika, na hakuna kipindi ambacho seli hugawanyika kwa kasi kama wiki za mwanzo za mimba. Ushauri kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba ni mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla na kuendelea hadi wiki ya 12. Anza basi kabla ya harusi, usisubiri fungate. Mmweleze daktari habari za mtoto wa dada yako, kwa sababu historia ya ukoo huweza kumfanya akupangie kipimo kingine. Dada yako mwenyewe akitaka mimba nyingine anahitaji dozi kubwa zaidi, ambayo huandikwa na daktari; halikadhalika mwanamke anayetumia dawa za kifafa, hasa valproeti, asishike mimba kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na niseme wazi kwamba asidi ya foliki hupunguza sana hatari lakini haiiondoi yote, kwa hiyo dada yako asilaumiwe na mtu wala asijilaumu.

Viwanda vikubwa nchini hutia asidi ya foliki katika unga wa ngano, na baadhi ya sembe iliyofungwa viwandani nayo huwa imeongezwa virutubishi, soma mfuko. Unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Maharage, kunde, mchicha na machungwa vina foleti ya asili, ila sitegemei chakula peke yake kwa jambo hili. Maini, ingawa yana foleti nyingi, usiyale mara kwa mara ukishapata mimba, kwa sababu vitamini A iliyomo ikizidi huweza kumdhuru mtoto. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye makopo mawili ya vitamini.

Mafua yakinianza nameza vidonge vya vitamini C mpaka vinne kwa siku. Ni sahihi? – Mwanachuo, Ubungo

Havizuii mafua kwa mtu wa kawaida. Wanaotumia vitamini C kila siku huugua kwa muda mfupi kidogo, lakini kuanza kumeza baada ya mafua kuingia hakujaonyesha faida ya maana, na dozi kubwa huweza kuharisha na, kwa wengine, kuchangia mawe ya figo. Kazi ya hakika ya vitamini C ni kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikanisha ngozi, fizi na mishipa ya damu. Ikikosekana kwa miezi michache huja kiseyeye, fizi zikavimba na kutoka damu na vidonda vya zamani vikafunguka. James Lind, daktari wa meli wa Uingereza, aliwajaribu mabaharia 12 wenye kiseyeye mwaka 1747, na wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Wewe uko Dar es Salaam, ambako pera moja la kawaida lina vitamini C inayotosha mahitaji ya siku. Litafune pamoja na chakula, kwa kuwa vitamini C husaidia kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga, na chai ya rangi isogeze mbele angalau kwa saa moja, maana yenyewe huzuia.

Mtoto wa dada yangu amepata matege, daktari akasema ni vitamini D. Inawezekanaje katika mji wenye jua kama huu? – Msomaji, Upanga

Jua linaloonekana dirishani halitoshi. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa moja kwa moja na mionzi ya jua ambayo kioo huizuia, na mtoto anayeshinda ndani ya fleti au anayefunikwa gubigubi kila atolewapo nje huikosa hata kama anaishi karibu na ikweta. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Bila vitamini hiyo utumbo hauchukui kalisi ya kutosha, na mifupa laini hupinda chini ya uzito wa mwili. Wafuate ushauri wa daktari kuhusu dawa, na mtoto atolewe nje asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi. Matege mengine hutokana na upungufu wa kalisi yenyewe, kwa hiyo maziwa na dagaa wasisahauliwe.

Mimi ni mama lishe, napikia mafundi na makuli. Nachemsha kisamvu na maharage kwa magadi ili yaive haraka, na mboga nakata usiku naloweka mpaka asubuhi. Je, vitamini zinabaki? – Buguruni

Baadhi zinabaki na baadhi unazimwaga, mama. Karotini ya kisamvu huvumilia moto vizuri. Vitamini C na foleti haziuvumilii, na huyeyukia majini, kwa hiyo mboga iliyokatwa ikalala ndani ya beseni imeshapoteza sehemu kabla jiko halijawashwa. Osha majani yakiwa mazima, kata muda mfupi kabla ya kupika, tumia maji machache, na maji hayo yabaki kuwa mchuzi. Kisamvu usikiharakishe, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondolewa kwa kutwanga na kuchemsha vya kutosha. Magadi ndiyo ningekuomba uyaache, kwani huharibu vitamini B1, ambayo wateja wako wanaokula sembe au wali mweupe kila siku hutegemea kuipata kwenye maharage. Yaloweke maharage usiku kucha. Yataiva upesi na mkaa utapungua.